Mshahara Uliofunga Akaunti ya Kusubiri

Kufuli halikuwa jina lake. Tulimbandika sisi wa chumba cha hesabu, tena kwa dharau, kwa sababu alikuwa akishafunga sanduku la fedha analitikisa kufuli, anapiga hatua tatu, halafu anarudi kulitikisa tena. Alikuwa keshia wa kiwanda chetu cha uchapaji kwa miaka ishirini na sita. Alikaa nyuma ya dirisha la nondo lenye tundu la kupitishia mkono, na ubao wa dirisha lile ulikuwa umechimbika pale watu walipoegemeza viwiko siku za mshahara. Noti alizihesabu mara tatu. Mara mbili kwa ajili yako, mara moja kwa ajili yake, ndivyo alivyosema, na ukimharakisha anaanza upya. Sisi tulimcheka mpaka mbavu zikauma.

Nasema sisi, lakini kinara wa vicheko alikuwa Msomi, mhasibu mkuu. Huyo naye jina alijipa mwenyewe. Ukutani nyuma ya kiti chake alitundika vyeti vinne kwenye fremu, na siku moja nilipokuwa napangusa vumbi nikasoma vizuri, kumbe kimoja ni cha huduma ya kwanza. Wanasema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Basi Msomi alikuwa na kipara. Alikuwa na kompyuta pia, ameifunika kitambaa cha maua, anaifunua akitaka kucheza karata. Vitabu tuliandika kwa mkono, na leja kuu aliiandika yeye peke yake, kwa sababu leja kuu, alisema, si kitu cha kuachiwa watoto. Mtoto mwenyewe ni mimi, karani wake, mwanamke wa miaka thelathini na minne.

Na usisahau tulikuwa tunachapa nini. Kalenda, daftari za shule, vitabu vya risiti, na hizo hizo leja za jalada gumu ambazo wahasibu wa watu huja kuzinunua kwa foleni. Kinyozi hajinyoi, ni kweli, lakini sisi tulizidi.

Kila mwisho wa mwezi tulikuwa na kazi ya kuita na kutiki. Mmoja anasoma kiasi kutoka kwenye hati ya malipo, mwenzake anakitazama kiasi hicho kwenye leja, akikiona sawa anakitia tiki. Baada ya hapo tunaandaa urari, ile karatasi ndefu ambayo jumla ya kushoto na jumla ya kulia lazima zilingane. Zisipolingana kuna kosa mahali, na ile tofauti unaiweka kwa muda kwenye akaunti ya kusubiri. Kazi ya akaunti hiyo ni kama chumba cha wageni: tofauti inakaa pale mpaka ujue kosa liko wapi, ulisahihishe, mgeni aende zake. Kwa Msomi ilikuwa uvungu wa kitanda. Kila kilichomshinda alisema, "Kitie Kusubiri!" halafu anaagiza chai.

Sasa mwezi mmoja urari ukagoma. Kushoto kulipungua kwa laki tano na elfu arobaini. Msomi akatafuta kosa siku mbili, yaani akatazama dari siku mbili, na siku ya tatu akavaa tai akaenda kwa Tajiri. Tajiri ndiye mwenye kiwanda. Hakuna aliyemwita vingine. Tukaitwa wote ofisini kwake, na Kufuli akasimamishwa katikati ya zulia.

"Tajiri, jambo ni jepesi," Msomi alisema. "Fedha taslimu huandikwa kushoto. Kushoto kumepungua. Maana yake fedha imepungua. Na fedha anaishika nani?"

Haki ya Mungu, alisema hivyo hivyo, na kidole amekiinua. Kushoto kwa urari kuna mambo zaidi ya thelathini, kuna karatasi, kuna wino, kuna umeme, kuna mishahara, kuna watu tunaowadai. Yeye katika yote hayo akaona keshia tu. Na asubuhi hiyo hiyo mimi na yeye tulikuwa tumelihesabu sanduku la Kufuli, likalingana na daftari lake mpaka sarafu ya mwisho.

Nikajikaza. "Mkuu, lakini sanduku si limelingana?"

"Mwizi hodari ndiye anayelinganisha," Msomi akajibu, na Tajiri akacheka, na mafundi mitambo waliokuwa wanachungulia dirishani wakacheka kwa kuwa Tajiri kacheka. Mimi nikafyata mkia. Nilikuwa na kodi ya nyumba ya kulipa.

"Mimi sijachukua," Kufuli alisema. Alisema mara moja tu, kwa sauti ya mtu anayekuambia saa.

Tajiri akampa njia mbili: ama polisi na kufukuzwa, ama akatwe elfu arobaini na tano kila mwezi kwa miezi kumi na miwili. Kufuli alikuwa amebakiza miezi kumi na mitatu astaafu. Akifukuzwa, kiinua mgongo chake cha miaka ishirini na sita kinakwenda na maji. Akasaini. Karatasi ilisema "nakubali kukatwa", haikusema "nilichukua", na alihakikisha hilo kwa kuisoma mpaka Tajiri akaanza kugonga meza.

Basi kila mwezi Msomi akawa anamkata, na kile alichokata anakiingiza kwenye akaunti ya kusubiri. Ndiyo, umesikia vizuri. Badala ya kutafuta kosa wakawa wanalijaza kwa mshahara wa mtu, elfu arobaini na tano kwa elfu arobaini na tano, na Msomi akiona tofauti inapungua anajipongeza kwamba "tunaishughulikia."

Mshahara ukipungua nyumbani hauhitaji mtangazaji. Mke wa Kufuli alikuwa fundi cherehani aliyekwisha kupumzika kwa sababu ya mgongo. Akairudia mashine, akaanza kushona kola za sare za shule kwa bei ya kutupa. Mume akamweleza kwamba anakatwa kwa fedha asiyoichukua. Mke akamwambia hakuna mtu anayelipa asichokula. Siku moja, wakati wa chai, Kufuli aliniambia, "Binti yangu, mama watoto ananiuliza huyo mwanamke mwingine anakaa mtaa gani." Nikaangua kicheko nikidhani ananitania. Akaminya midomo, akaendelea kukoroga chai isiyo na sukari, na mimi nikarudi mezani kwangu.

Mwezi wa kumi na mbili ukafika. Msomi akapiga mistari miwili chini ya akaunti ya kusubiri, akanunua soda chumba kizima. "Sifuri!" alisema. "Kusubiri imefungwa. Huo ndio uhasibu!" Tukanywa. Mimi pia nilikunywa, tena niliongeza.

Kesho yake barua ikapitishwa kwenye tundu la dirisha la Kufuli. Aliisoma, akaikunja, akaendelea kuwalipa wapakiaji. Saa sita aliniita akanipa niisome. Ilisema kuwa kwa kulipa upotevu wa fedha amekiri kuusababisha, na kwamba kwa kanuni namba saba ya kiwanda, aliyesababisha upotevu hana kiinua mgongo. Alikuwa amebakiza wiki tatu.

Unaona ufundi wa watu hawa? Ukikataa kulipa wewe ni mwizi, unafukuzwa, hupati kitu. Ukilipa basi umekiri, hupati kitu. Nilitaka kwenda kumvua Msomi ile tai nimfunge nayo mdomo. Kufuli yeye aliniuliza jambo moja tu: "Binti yangu, wewe unavijua vitabu. Hivi kweli hizo fedha zilipotea?" Nikasema sijui. Mwaka mzima, karani wa leja, sijui! Hapo ndipo aibu iliponishika.

Nikaanza kutafuta saa za chakula cha mchana, Msomi akiwa ameenda kushiba. Kutafuta kosa si uchawi. Kuna njia, na kila karani hufundishwa. Kwanza unagawa tofauti kwa mbili, kwa sababu kiasi kikiandikwa upande usio wake tofauti huwa mara mbili yake. Nusu yetu ilikuwa laki mbili na elfu sabini. Nikapekua mwezi mzima, hakuna kiasi hicho. Kisha unagawa kwa tisa. Ikigawanyika bila baki, uwezekano mkubwa ni kwamba mtu amegeuza tarakimu, ya mbele kaiweka nyuma. Laki tano na arobaini kwa tisa ni elfu sitini, haina baki hata chembe. Sita hiyo inakuambia kwamba tarakimu mbili zilizogeuzwa zinapishana kwa sita. Kwa hiyo nitafute sabini na moja iliyoandikwa kumi na saba, au tisini na tatu iliyoandikwa thelathini na tisa, au themanini na mbili iliyoandikwa ishirini na nane. Hesabu hiyo yote ilinichukua muda wa kula ndizi moja. Msomi na vyeti vyake vinne hakuifanya kwa mwaka.

Siku ya tatu nikaipata. Hati ya malipo ya karatasi nyeupe, marobota arobaini: laki nane na elfu ishirini. Daftari la Kufuli, kwa mwandiko wake wa kunyooka: laki nane na elfu ishirini. Leja kuu, akaunti ya karatasi, kwa mwandiko wa Msomi: laki mbili na elfu themanini. Fedha zilitoka zote, zikalipwa kwa mwenye karatasi, na risiti yake ipo. Hakuna kilichopotea hata senti. Kilichopotea ni macho.

Nilinyanyuka kwa furaha, nikataka kupiga kelele. Nikainama tena nihakikishe. Pembeni ya zile laki mbili na themanini kulikuwa na tiki ya kijani. Msomi hutumia penseli nyekundu. Ya kijani ni yangu.

Nikakaa. Nikaikumbuka siku ile vizuri mno. Msomi alikuwa anaita na mimi natiki, na katikati ya kuita akaanza kumuiga Kufuli anavyohesabu noti, analamba kidole, anarudia, analamba tena, na mimi machozi ya kicheko yananitoka huku mkono unatembea kwenye ukurasa unatia tiki tu, tiki, tiki. Na kwa kuwa tiki ilikuwepo, hakuna aliyeurudia ukurasa ule, hata mimi. Nyani haoni kundule. Mwaka mzima nilikuwa namdharau Msomi kwa uvivu wake, kumbe kosa lake mimi ndiye niliyelipigia muhuri.

Msomi aliporudi nikamwekea vitabu vitatu mezani, vimefunguliwa. Alitazama, kipara kikabadilika rangi. Kisha akafunga leja taratibu.

"Vitabu vimelingana," akasema. "Unataka kuvivunja?"

"Vimelingana kwa mshahara wa mzee wa watu."

"Na faida ya mwaka jana Tajiri ameshawasomea wenye hisa wenzake! Ukiongeza gharama ya karatasi, faida inashuka. Nani atakwenda kuwaambia? Wewe?"

"Kosa likisahihishwa, Kusubiri inabaki na laki tano na arobaini upande wa kulia," nikamwambia. "Upande wa wanaotudai. Anayetudai ni Kufuli."

Akafikiri. Nilimwona anafikiri, jambo la nadra. "Basi hizo," akasema, "zipeleke mapato mengineyo."

Loo! Mtu anamkata mwenzake mwaka mzima, halafu akigundua hakustahili kumkata, anaziandika mapato. Nilichukua daftari la masahihisho, ambalo kila badiliko la leja lazima liandikwe humo pamoja na maelezo yake, nikaandika kwa wino. Gharama ya karatasi, kushoto. Akaunti ya kusubiri, kulia. Na chini yake maelezo: "Kusahihisha laki nane na ishirini zilizoandikwa na mhasibu mkuu kuwa laki mbili na themanini, na kutikiwa na karani wa leja bila kutazama. Baki ya akaunti ya kusubiri ni mshahara wa keshia, aliyekatwa bila kosa. Arudishiwe." Nikasaini.

Msomi alilibeba daftari mbio mpaka kwa Tajiri, nami nyuma yake. Tajiri akasoma mara moja tu, na usidhani machozi yalimlengalenga. Aliuliza, "Wakaguzi wa hesabu wanakuja lini?"

"Jumatatu, Tajiri," Msomi akajibu.

"Ng'oa ukurasa."

Nikamkumbusha kwamba kurasa zina namba. Tuliuchapa wenyewe ukurasa ule, namba nyekundu kwenye kona, ndiyo sifa ya leja zetu kwenye tangazo. Wakaguzi wakikuta themanini na tano inafuatwa na themanini na saba, watauliza themanini na sita imekwenda wapi. Tajiri akautukana mtambo wake mwenyewe, tusi ambalo sitalirudia. Kisha akasema Kufuli arudishiwe fedha zake kimyakimya.

"Na kiinua mgongo," nikasema. "Na barua. Fedha bila barua wakaguzi wataiita hongo."

Sijui nilipata wapi mdomo ule. Labda ndio niliouficha mwaka uliopita. Barua ikaandikwa. Ilisema "hitilafu ndogo ya uandishi imerekebishwa na ndugu keshia atalipwa stahili zake zote." Ndogo! Samahani hakuna, hata kwa penseli. Msomi hakufanywa chochote. Alipelekwa semina ya siku tatu, akarudi na cheti cha tano. Mimi nilipewa onyo la maandishi, na hilo nililistahili, ingawa walinipa kwa sababu nyingine.

Kufuli alipokea bahasha dirishani pake, akahesabu, akasaini. Nilimweleza yote, na tiki yangu nikamweleza. Alisema, "Binti yangu, nisindikize nyumbani. Mimi nikimwambia mama watoto hataamini. Wewe ukisema, ataamini."

Walikaa vyumba viwili nyuma ya nyumba ndefu ya kupanga. Cherehani ilikuwa karibu na mlango kufuata mwanga, na kola za sare zimerundikwa mpaka kitini. Mkewe alikuwa na pini mbili mdomoni. Alizitoa akanikaribisha mimi, akaondoa kola nikae, na mumewe akabaki amesimama.

"Karibu mwanangu. Huyo kakuleta uniambie nini?" Huyo. Ndivyo alivyomwita.

Nikampa barua. Akaisoma, akasema haelewi hitilafu ni nini. Nikaomba chaki yake ya fundi, nikamwandikia juu ya kipande cha kitambaa, 82, na chini yake 28. Nikamweleza karatasi ilivyonunuliwa na ilivyoandikwa. Aliielewa haraka kuliko mhasibu mkuu.

"Kwa hiyo hapakuwa na fedha iliyopotea."

"Hapakuwa, mama."

"Na hakuna mtu aliyetazama? Mimi nikikata kitambaa napima mara mbili."

"Yupo aliyetakiwa kutazama."

"Nani?"

Kufuli akadakia, "Mambo ya ofisi hayo, mama watoto. Yamekwisha." Nikamtazama. Alikuwa ananisitiri, ndani ya nyumba yake, mbele ya mwanamke aliyemwita huyo.

"Ni mimi, mama," nikasema.

Aliichukua chaki yake mkononi mwangu. "Siku hiyo ulikuwa unaumwa?"

"Hapana. Tulikuwa tunacheka."

"Mnacheka nini?"

Macho yangu yalikwenda yenyewe kwa mumewe, yakashuka chini. Mama akaelewa. Nilijiandaa kutukanwa, na haki ya Mungu nilitaka anitukane. Lakini alinigeuzia mgongo akamwendea mumewe, akamshika mkono wa shati.

"Na wewe! Mwaka mzima nakuita mwizi, nakuita mhuni, umenyamaza tu! Kwa nini hukukataa?"

"Nilikataa, mama watoto. Miezi mitatu nilikuwa nakataa kila siku."

"Halafu?"

"Mwezi wa nne nikaanza kupekua makoti yangu," Kufuli alisema. "Nyote mlisema nimechukua. Nikaona labda kweli nilichukua, nimesahau tu nilipoziweka."